Tana mbele ya Garissa: maji mengi, ukingo mdogo

Mita ya ujazo moja ni lita 1,000. Mto Tana hupita Garissa na wastani wa takribani mita za ujazo 150 kwa sekunde, yaani karibu milioni 13 kwa siku.

Sensa ya 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 160,000 mjini. Tukimpa kila mmoja lita 50 kwa siku, na wengi hawazipati, jumla ni mita za ujazo 8,000: asilimia 0.06 ya mto. Ng'ombe 1,000, kila mmoja lita 30, watakunywa mita za ujazo 30. Mto huzipitisha kwa moja ya tano ya sekunde.

Ila wastani huficha majira. Bwawa la Masinga, lililo juu ya mto na lililoanza kazi 1981, hubeba mita za ujazo bilioni 1.56, sawa na siku 120 za mto mzima. Kinachopungua huku chini ni yale mafuriko ya kawaida. Mti wa mpopla wa Tana huota kwenye tope jipya yanaloliacha, na wakulima Wamunyoyaya wa ukingoni wamezoea kupanda maji yakishuka. Mafuriko makubwa hayazuiliki: 2024 Masinga lilifurika, na barabara ya Nairobi ikakatika karibu na Madogo, ng'ambo ya Garissa.

Sasa fedha. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa 2015 kuhifadhi mabonde ya juu ya mto, ulikadiriwa kurudisha dola milioni 21.5 kwa miaka 30 kutokana na dola milioni 10 zilizowekezwa. Kwa kiwango cha Sh130, Sh bilioni 1.3 huzaa karibu Sh bilioni 2.8. Hesabu nzuri, lakini ya nani? Mabonde yaliyohesabiwa ni Sagana-Gura, Maragua na Thika-Chania. Faida ni umeme, usafishaji wa maji ya Nairobi na mavuno ya wakulima wa huko. Msitu wa ukingoni Garissa haumo.

Wala malka haimo. Malka ni njia ya wafugaji kushukia mtoni. Tuseme ina upana wa mita 50 na urefu wa kilomita 1: hekta 5, zaidi kidogo ya ekari 12. Mwenye shamba atakwambia ekari hizo zingempa nini kwa ndizi na maembe. Mfugaji hana risiti ya kuonyesha. Malka ikizibwa, na inayofuata ikiwa kilomita 5 mbele, ng'ombe wale 1,000 wataongezewa kilomita 10 kwenda na kurudi, kwa maji yaleyale ya moja ya tano ya sekunde.