Jigi zito na jodari mkali: Mechi inayopigwa mita 100 chini ya bahari

UKISHUKA kutoka Wazo, ukakipa mgongo kiwanda cha Twiga Cement na kuvuka Barabara ya Bagamoyo, safari inaishia Kunduchi, pwani zinakolala ngalawa na boti. Kwa wakazi wengi wa Tegeta na Wazo, pale ni mahali pa kusaka changu na nguru wa kitoweo. Kwa wanaoujua mchezo, bahari ile ile ndiyo njia ya kwenda kwenye uwanja mgumu kuliko wa Mkapa.

Uwanja wenyewe uko takriban kilomita 70 mashariki mwa Dar es Salaam, kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu cha Latham, au Fungu Kizimkazi. Novemba 2015 alivuliwa hapo jodari wa kilo 107.5, wa ile aina yenye meno kama ya mbwa, akaingia kwenye vitabu vya IGFA, wanaotunza rekodi za uvuvi wa michezo, kama rekodi ya dunia.

Jodari huyu anapenda kukaa kwenye kingo za miamba, kwenye kina. Chukua uwanja wa mpira wa mita 105, usimamishe wima majini: mvuvi yuko goli la juu, samaki yuko goli la chini. Pasi inayofika huko ni jigi, kipande cha risasi kilichotengenezwa mfano wa samaki.

Kwa nini liwe zito? Mkondo. Kipindi cha kusi maji yanakwenda kaskazini kwa kasi, na jigi la gramu 100 linasombwa kama krosi iliyopigwa kwenye upepo. Mshipi unapinda, mvuvi hajui chini ni wapi. Hapo ndipo linapoingia jigi la gramu 300 au 400. Kaskazi ikitulia, na maji yakiwa mafu, gramu 200 zinaweza kutosha. Mzee wa mshipi wa mkono hahitaji kufundishwa hilo: maji yakikaza, anaongeza chubwi.

Jigi likigusa chini, halina ruhusa ya kupumzika, litanasa kwenye mwamba. Mvuvi anainua fimbo, anazungusha rili, anainua tena. Ndoana hufungwa juu ya jigi kwa kamba ngumu, maana samaki wengi hushambulia kichwa, na huko juu hainasi ovyo.

Akikamata, ngoma inaanza. Jodari anageuka na kukimbilia mwambani, na mshipi ukigusa jiwe, kwisha habari. Breki ya rili lazima iwe imepangwa mapema. Kuikaza ghafla katikati ya vita ni kujifunga goli. Na hata ukimtoa kwenye miamba, papa anaweza kumdaka njiani ukapandisha kichwa kitupu.

Hasara yake si ndogo: jigi limekwenda, mshipi umekwenda, na mafuta ya boti ya kwenda na kurudi hayarudishwi. Ndiyo maana wenye uzoefu huuliza kwanza habari za upepo na bamvua, ndipo wanunue mafuta.

Dabi ya Kariakoo ina mapumziko ya dakika 15. Hii haina.