Macho Yanayoona Mufupa Kati ya Mawe

Wewe wa Kambove unaona mawe kila siku. Lakini umekwisha kuinama na kutazama jiwe moja vizuri? Kuna mtu aliyefanya hivyo karibu maisha yake yote.

Ni mzee Kamoya Kimeu wa Kenya. Utotoni alichunga mifugo, akasoma miaka 6 tu kwenye shule ya misioni. Mwaka wa 1960 alipata kazi ya kuchimba kule Olduvai, Tanzania, kwa Louis na Mary Leakey, waliotafuta mifupa ya watu wa zamani sana iliyogeuka jiwe. Wengi kwao waliogopa kushika mifupa ya wafu. Yeye akauliza, akajifunza kila siku, paka akajua kutofautisha jiwe na mufupa, na mufupa wa nyani na wa mtu.

Mwezi wa 8, 1984, karibu na mto Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa Turkana, wenzake walikuwa wanapumzika. Yeye akaenda kutembea, macho chini. Akaona kipande kidogo sawa sanduku la kibiriti, rangi yake ileile ya changarawe. Kumbe ni fuvu la kichwa! Walipochimba na kuchekecha udongo, wakapata mifupa mingi ya kijana mmoja aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka wa 1985 Rais Reagan wa Marekani alimpa medali.

Hakuficha ujuzi wake. Alifundisha Wakenya wengine, nao wakawa watafutaji hodari. Alikufa mwaka wa 2022.

Na hapa kwetu? Muulize papa juu ya jiwe wanaloita R.S.C. kwenye mine. Ndani yake kuna alama za viumbe vidogo sana vilivyoishi majini zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Tunalivunja juu ya shaba, bila kujua.

Kijana, usiingie mu mashimo kwa kutafuta, ni hatari. Lakini ukiona njiani jiwe lenye alama ya ajabu, usilivunje. Andika mahali ulipoliona, umwonyeshe mwalimu. Pale Lubumbashi kuna Université yenye wajuzi wa mawe, tena kuna Musée.

Usiseme, “Mimi sina diploma.” Mzee Kamoya alianza na macho, saburi, na moyo wa kuuliza. Hayo Mungu amekupa nawe.