Upepo na Mpanda Pikipiki wa Safari Ndefu

Mtu anunuaye pikipiki ya safari ndefu huuliza kwanza habari za injini na petroli. Habari za upepo huzijua baadaye, akiwa njiani. Hata hivyo, katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu za injini hutumika kupambana na upepo, na mpandaji naye huchoka kwa sababu hiyo hiyo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne.

Mfano mzuri ni barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, yenye urefu wa karibu kilomita 480. Asubuhi ya mwezi wa Julai mji wa Nairobi, ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, huwa na baridi kali. Hewa ya digrii 10, ikimpiga mtu aendaye kilomita 100 kwa saa, humpoza kama vile iko karibu na digrii 4. Vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki. Hapo ndipo mpandaji anapokishukuru kioo cha mbele.

Wenye viwanda wamelifikiria jambo hili muda mrefu. Mwaka 1954 kampuni ya Vincent ya Uingereza ilionyesha pikipiki mbili, Black Knight na Black Prince, zilizofunikwa karibu zote ili mwenyewe asilowe wala asichafuke. Lakini kiwanda hicho kiliacha kutengeneza pikipiki mwaka uliofuata. Katika mashindano, magamba yaliyofunika hata gurudumu la mbele yalipigwa marufuku tangu mwaka 1958, maana upepo wa ubavuni uliweza kuyasukuma kama tanga. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, ambayo gamba lake lilikuwa limejaribiwa katika chumba cha kupimia upepo cha Pininfarina, huko Italia.

Basi watu wengi hudhani kwamba kioo kikizidi ukubwa, raha huzidi. Sivyo. Upepo ukifika ukingoni mwa kioo huvunjika na kuzunguka-zunguka, kama maji yanavyofanya nyuma ya jiwe mtoni. Mawimbi hayo yakiangukia helmeti, kichwa hutikiswa na masikio hujaa kishindo, na baada ya saa mbili mtu huumwa shingo. Tena nyuma ya kioo kikubwa hewa hupungua nguvu, kwa hiyo upepo wa pande zote huvutwa kuingia humo na kumsukuma mpandaji mgongoni. Nafasi ndogo iliyoachwa chini ya kioo, hewa ipate kupita, mara nyingi hutuliza fujo hiyo. Kioo kifupi, chenye kukinga kifua na kuiacha helmeti katika upepo ulionyooka, huweza kuwa na utulivu zaidi kuliko kirefu. Na hata kiwe kirefu, macho yapaswa kuona juu ya ukingo wake, kwa kuwa vumbi, mvua na wadudu hukifanya kiwe kama ukuta.

Mtu huyo huyo akishuka hadi Mtito Andei na Voi wakati wa adhuhuri mwezi wa Februari, joto huzidi digrii 30. Sasa kinga aliyoisifu humnyima upepo wa kukausha jasho, na joto la injini humrudia miguuni. Atakayekaa hivyo kwa saa nyingi huanza kusikia kizunguzungu, na akili yake huwa nzito. Afadhali ashushe kioo ikiwa kinashuka, afungue matundu ya koti, anywe maji kila asimamapo. Kulivua koti si dawa: upepo mkavu hunyonya maji ya mwili upesi, na ngozi hubaki bila kinga akianguka. Shati lililoloweshwa maji, likivaliwa ndani ya koti lililofunguliwa kidogo shingoni na mikononi, hupoza kwa muda mrefu. Lakini apitapo Mariakani, hewa ya pwani ina unyevu mwingi na shati halikauki upesi. Huko ahitaji upepo mwingi kadiri awezavyo kuupata.