NCHI JIRANI: Nani Alipe Gharama ya Kumfunza Fundi?

Nchi nyingi za Afrika ya Mashariki zinakabiliwa na hali inayofanana na kitendawili. Vijana wengi wanaomaliza masomo hawana kazi, na wakati huohuo waajiri wanatafuta mafundi umeme, mafundi mitambo na wachomeleaji hodari bila ya kuwapata. Kazi hizo hulipa vizuri kwa sababu wanaoziweza ni wachache. Kenya imekuwa ikilishughulikia jambo hili kwa fedha za umma tangu ilipopata uhuru mwaka 1963, na safari yake ina mafunzo kwa majirani.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini fedha za umma zinahitajika. Kumfunza fundi ni ghali. Somo la historia laweza kufundishwa kwa chaki na vitabu, lakini mwanafunzi wa uchomeleaji hutumia chuma, gesi na umeme kila siku, na kazi yake ya miezi ya mwanzo haiuziki. Zaidi ya hayo, mwajiri anayegharimia mafunzo hana hakika ya kubaki na fundi wake. Mwenye karakana jirani asiyefunza mtu yeyote aweza kumvuta fundi huyo kwa kumwongezea mshahara kidogo. Hivyo anayefunza hupata hasara, na asiyefunza hupata faida. Pasipo serikali kuingilia kati, kila mwajiri humngojea mwenziwe, na mwishowe hakuna anayefunza.

Dawa ambayo Kenya iliichagua ni kuwatoza waajiri wote. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya nchi hiyo ina asili yake katika mwaka 1959, na tozo ya mafunzo ilianza katika miaka ya 1970. Kwa amri ya mwaka 2007, kila mwajiri alitakiwa kutoa shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi aliye naye. Fedha hizo huingia katika mfuko mmoja, na mwajiri anayewapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa aweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Kwa njia hiyo, asiyefunza naye huchangia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, iliyoundwa mwaka 2011, husimamia shughuli hiyo pamoja na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Tanzania nayo ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA iliweka tozo inayokadiriwa kwa asilimia ya mishahara anayoilipa mwajiri.

Tozo, hata hivyo, humsaidia zaidi yule ambaye tayari ana kazi. Kwa kijana wa kijijini ilihitajika njia nyingine. Mwaka 1966 Baraza la Wakristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza wahitimu wa shule za msingi wangekwenda wapi baada ya masomo. Kutokana na taarifa hiyo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo vilifunza useremala, uashi na ushonaji kwa ada ndogo, karibu na nyumbani. Serikali ilikuja kuvipa ruzuku, na Katiba ya mwaka 2010 ikavikabidhi kwa serikali za kaunti.

Njia ya tatu inawahusu zaidi wasikilizaji walio katika majeshi. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya Tanganyika kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa, Kenya iliunda Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe ya Nairobi. Mpango wake ulikuwa wazi: kijana huanza na gwaride na nidhamu huko Gilgil, kisha hutumika katika kazi za ujenzi wa taifa, na mwishoni hupelekwa chuoni kusomea ufundi. Ada hailipwi kwa fedha bali kwa jasho. Mtoto wa maskini alipata hapo mlango ambao wazazi wake wasingaliweza kumfungulia.

Matatizo hayakukosekana. Mwaka 2018 maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za ubadhirifu wa fedha za huduma hiyo, na mwaka huohuo ikatungwa sheria mpya ya kuiendesha. Ni dhahiri kwamba fedha ya mafunzo isipolindwa, anayeibiwa ni yule kijana aliyekwisha kulipa kwa jasho lake.

Tatizo jingine lilitokana na heshima. Wazazi wengi waliuona ufundi kuwa kazi ya walioshindwa mtihani, na wanasiasa walipenda kufungua vyuo vikuu. Vyuo vya ufundi vya Nairobi na Mombasa vilivyowatoa mafundi sanifu kwa miongo mingi vilipandishwa daraja, na mwaka 2013 vyote viwili vikawa vyuo vikuu kamili. Wahandisi ni wa lazima, lakini mhandisi mmoja huhitaji mafundi sanifu kadhaa na mafundi mchundo wengi zaidi chini yake. Nchi inayozidisha maofisa na kupunguza masajini haiwezi kupigana vita.

Kenya iliitambua kasoro hiyo. Mwaka huohuo wa 2013 ilitunga sheria mpya ya elimu ya ufundi, ikaanza kujenga vyuo katika maeneo ya bunge yasiyokuwa navyo, na mwaka 2018 ikaanza kumlipia kila mwanafunzi shilingi 30,000 kati ya ada ya shilingi 56,420 kwa mwaka. Mwaka 2023 ulitangazwa utaratibu mwingine wa ruzuku na mikopo unaopima uwezo wa kila familia.

Kwa askari, jambo la kuzingatia ni cheti. Vikosi vya ulinzi na usalama ni miongoni mwa shule kubwa za ufundi katika nchi yoyote. Humo mna mafundi wa magari, wa redio, wa umeme na wa silaha. Lakini fundi aliyetengeneza injini za malori kwa miaka 20 akistaafu bila ya hati inayotambulikana, mwajiri wa kiraia humwona kuwa kibarua na kumlipa ujira wa kibarua. Majaribio ya ufundi ya Kenya yana faida kwamba hupima kile mtu anachoweza kukifanya, si mahali alipojifunzia. Tanzania nayo, kwa kupitia VETA, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini.

Askari fundi hana budi kuitafuta hati hiyo angali kazini, wakati karakana, vipuri na wakufunzi viko karibu naye. Makamanda nao wanayo sababu ya kumpa nafasi. Fundi aliyepimwa hulitengeneza gari la kikosi vizuri zaidi leo, na siku atakapovua sare taifa halitaupoteza ujuzi lililougharimia.