Susu wangu na macho mekundu: Hadithi za 'wachawi' zinazotuhusu watoto wa Eastlands

Nilikuwa na miaka tisa. Susu alikuwa ametoka Machakos kututembelea kwenye ploti yetu Kayole, amebeba kiondo cha muthokoi na maembe. Jioni stima zikapotea mtaa mzima. Akatukusanya watoto wa ploti kwenye ngazi, akatusimulia kuhusu Syokimau, mwanamke wa Ukambani aliyeona nyoka mrefu akitema moto na moshi, akikatiza nchi kutoka majini, kabla mtu yeyote kule hajaona reli.

Kesho yake mabeshte wakaniita kando. "Huyo shosho yenu ni mchawi. Hujaona macho yake vile ni mekundu?"

Nikaamini. Usiku huo nikakataa muthokoi wake. Susu hakuuliza kitu. Alichukua sahani, akaifunika, na asubuhi akapanda mat ya kurudi ushago. Ilipita miaka mingi kabla alale kwetu tena.

Nimeikumbuka sahani hiyo mara nyingi tangu nianze kusoma riwaya za ajabu zinazoandikwa na Waafrika. Ya kwanza ilikuwa Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka 2011. Sunny, msichana mwenye ualbino aliyezaliwa Marekani na wazazi Wanigeria, analetwa kuishi mji wa Aba. Kule si Mmarekani kamili, huku si Mnigeria kamili. Kisha anagundua ana nguvu za kichawi, na kwamba amezirithi kwa nyanya yake, ambaye nyumbani hakuna anayetaka kumtaja. Hapo nikafunga kitabu kwanza. Kumbe si mimi tu niliyewahi kumwonea nyanya yake haya.

Halafu kuna The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, binti wa Mombasa. Aisha anaingia baharini kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka anayezungumza, kumtafuta babake mvuvi aliyepotea. Nyumbani amemwacha Hababa, nyanya yake, ambaye angependa aolewe atulie. Kitabu hicho kilitoka 2021, na mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Kwa hivyo usiambiwe hadithi za majini na nyanya ni za watoto wadogo. Dunia inazisoma.

Neno moja, watu watatu

Tatizo letu linaanzia kwenye lugha. Kiingereza kina neno linaloweza kuwa sifa, hata vijana wakalivaa kwenye fulana. Kwa Kiswahili, ukimwita mtu mchawi, umemshtaki. Mganga ni mtu mwingine, na mtabiri ni mwingine kabisa. Wazee wetu hawakuwachanganya: Wakamba wana mundu mue anayetibu na muoi anayeroga, Wakikuyu wana mundu mugo na murogi, na Wajaluo wana ajuoga na jajuok.

Sisi wa mtaani tumewaweka wote kwenye gunia moja. Si ajabu. Mitaa yetu ya zamani kama Pumwani na Kaloleni ilianzishwa wakati wa ukoloni ili kuwapa wafanyakazi mahali pa kuishi. Mwanamume alibeba kipande, akaja kazini. Mke, watoto na mama mzazi mara nyingi walibaki ushago. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukimwona nyanya Desemba tu, kama mgeni. Na mgeni ni rahisi kumwogopa.

Historia yenyewe inatisha

Anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu wachawi wa hapa hahitaji kuazima majumba ya mawe ya Uingereza. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya lazima kwa kiapo na ngoma ya kifudu. Wakoloni walimkamata wakampeleka Kisii. Akatoroka, akarudi Pwani.

Mwaka 1925 serikali ikapitisha Sheria ya Uchawi. Miaka sita baadaye, huko Ukambani, kundi la wanaume lilimuua mwanamke aitwaye Mwaiki, likidai amemroga mke wa mmoja wao. Mwaka 1932 mahakama iliwahukumu kifo wanaume 60, ingawa adhabu hiyo ilipunguzwa baadaye. Kesi hiyo ilizungumziwa hadi ng'ambo. Walioandikwa sana ni hakimu, gavana na wale wanaume. Mwaiki mwenyewe alikuwa nani? Alipenda nini? Nani alimlilia? Hapo ndipo mwandishi anapoingia.

Na usidhani ni mambo ya kale. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati ulioshuku kwamba ni wachawi. Wote hao walikuwa shosho wa mtu.

Kwa hivyo, wewe unayeandika hadithi kwenye simu ukiwa Umoja au Dandora, kabla hujampa mhusika wako ungo wa kurukia, jiulize maswali matatu. Nani alikuwa wa kwanza kumwita mchawi? Nani angebaki na shamba lake akiondoka? Na watoto wake walikuwa wapi siku hiyo? Ukiyajibu, una riwaya. Ukitaka pa kukaa uandike kimya, maktaba za Kaloleni na Makadara ziko karibu, na zimefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk.

Nyoka wa Syokimau naye bado yupo. Reli ilifika Nairobi 1899, na tangu 2012 kuna stesheni yenye jina la mtabiri huyo. Treni inapita Makadara na Imara Daima, imejaa vijana wenye earphone, na wengi wao hawajui wanashuka kwenye jina la nani.

Mwaka jana nilienda Machakos. Nilimkuta Susu jikoni, anapuliza moto. Nikamwambia yote: mabeshte, macho, sahani.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, huu ni moshi wa kuni. Miaka hamsini nawapikia watu. Hayo ndiyo macho yangu."

Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini ile siku niliumia."

Nikamwomba msamaha. Akachota muthokoi, akanipa sahani. Nilipomaliza, nikatoa simu, nikabonyeza kurekodi, nikamwambia aanze tena hadithi ya Syokimau, pole pole, tangu mwanzo.