Kabla ya sabuni, uulize uzi

Katika nyumba nyingi za upande wa Bangboka, kilomita 17 hivi mashariki mwa Kisangani, kule uliko uwanja wa ndege, zulia huingia sebuleni bila maelezo. Moja limekatwa kwenye roli la moketi sokoni, jingine limekuja kwa mtumba, jingine limeachwa na mpangaji aliyehama. Kile kitambaa kidogo cha nyuma kinachotaja aina ya uzi kimeng'oka zamani, au hakikuwapo tangu mwanzo. Muulize mwenyewe, "Mama, hii tapi ni ya nini?" Atakujibu kwamba ilitoka Bulaya. Rangi anaijua, bei aliyolipa anaikumbuka, na doa lilipo anakuonyesha kwa kidole. Uzi haujui. Doa likimwagika, mkono unakimbilia kilichopo nyumbani: kipande cha sabuni, sabuni ya unga, au chupa ya javeli.

Hapo ndipo mazulia mengi mazuri yanapoharibikia. Tumezoea kuipima sabuni kwa povu na harufu, ilhali vitu hivyo viwili havisemi lolote kuhusu itakachoufanya uzi.

Sabuni yenyewe ina historia ndefu huku kwetu. Mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji wa sabuni kutoka Uingereza, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na Lokutu, iliyoitwa Elisabetha enzi hizo, iko hapa hapa mkoani Tshopo, ukiteremka na mto. Mawese yalikwenda kuwa sabuni za Ulaya. Mpaka leo akina mama wa mkoa huu wanapika sabuni yao wenyewe kwa mawese na soda kostiki, na ni sabuni nzuri kwa shati na kwa kitenge cha pamba cha Sotexki, kiwanda cha nguo cha Kisangani. Lakini sabuni ya namna hiyo ni ya alkali. Pimo lake la pH huwa 9 au 10, na aliyeipika akizidisha soda, hupanda zaidi. Pamba inavumilia. Sufu haivumilii, kwa sababu sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni protini. Alkali hulegeza viungo vya protini hiyo: uzi unageuka manjano, unakakamaa, kisha unakatika kila ukipigwa burashi.

Ukitaka kujua sabuni yako iko upande gani, chemsha maua makavu ya choya, yale mekundu ya jamii ya ngaingai, uyachuje na uache maji yapoe. Dondoshea sabuni uliyoikoroga. Maji yakibaki mekundu au yakawa zambarau hafifu, sabuni ni pole. Yakielekea buluu au kijani, ni ya alkali, na zulia usilolijua asili yake liepushe nayo. Anayefua mazulia ya watu kwa malipo awe na maua haya nyumbani, kwani lebo za chupa nyingi zinazofika Kisangani hazitaji pH kabisa.

Baada ya sabuni, rudi kwenye uzi. Ng'oa nyuzi chache pembeni au upande wa nyuma, mahali pasipoonekana. Bakuli la maji ndilo jaribio la kwanza, nalo halina gharama. Tia maji, dondoshea tone moja la sabuni ili mapovu ya hewa yasishike kwenye nyuzi, kisha zizamishe kwa kidole. Zikirudi juu na kukaa juu, hiyo ni polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji: gramu 0.91 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Nailoni ni 1.14, sufu 1.31, poliesta 1.38, na pamba zaidi ya 1.5. Hizi zote huzama. Mazulia mengi ya mashine kutoka Uturuki na Ubelgiji ni ya polipropilini, kwa hiyo uwezekano wa uzi wako kuelea ni mkubwa, na ukielea, hofu yako ipungue. Uzi huu haunywi maji, rangi yake mara nyingi imechanganywa ndani ya plastiki kabla ya uzi kuvutwa, na sabuni nyingi hauzijali. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Unayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu, hivyo kaa moja likidondoka kutoka kwenye pasi ya mkaa linaacha kovu la kudumu. Tena unapenda mafuta. Sombe yenye mawese ikimwagika juu yake, mafuta hung'ang'ania kuliko yanavyong'ang'ania sufu.

Uzi ukizama, nenda kwenye moto. Shika uzi mmoja kwa kibanio cha chuma, mbali na pazia na mbali na watoto, bakuli la maji likiwa karibu, uusogeze kwenye mshumaa. Sufu hunuka nywele zinazoungua, hujizima ukiiondoa motoni, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba, juti na viskosi huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kijipunje kigumu. Poliesta hutoa moshi mweusi zaidi. Usikiguse kijipunje kabla hakijapoa. Ukisikia harufu ya nywele na wakati huo huo ukaona kijipunje, ni mchanganyiko, na mchanganyiko wa sufu asilimia 80 na nailoni 20 umetumika miaka mingi kwenye mazulia ya Uingereza. Wa namna hiyo uhesabu kuwa sufu.

Wadudu nao wanatoa ushahidi. Zulia lenye vishimo vilivyoliwa na viwavi wa nondo lina sufu ndani yake, kwa maana nondo hawana haja na plastiki. Mchwa wakila upande wa nyuma na kuuacha uso, mgongo wa zulia ni wa juti au pamba. Jambo hilo la pili lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zulia moja huweza kuwa na uso wa plastiki na mgongo wa juti. Ukilimwagia maji mengi yenye alkali, rangi ya kahawia iliyomo ndani ya juti hupanda taratibu wakati wa kukauka na kutokeza juu, na mwenye zulia atadhani uchafu umerudi. Ataosha tena, kwa sabuni nyingi zaidi, na doa litaongezeka.

Sasa javeli. Imepata jina kutoka Javel, kando ya Paris ya karne ya 18, ambako kemia ya klorini ya Claude Louis Berthollet iligeuzwa kuwa maji ya kung'arishia vitambaa. Bafuni inafanya kazi yake vizuri, na mimi siipingi. Kwenye zulia lisilojulikana, matumizi yake ni mamoja tu: kupima. Weka nyuzi mbili tatu kwenye kikombe cha kioo, mimina javeli izifunike, uache nusu saa dirisha likiwa wazi. Nyuzi za sufu zitatoa vipovu, zitanyong'onyea, kisha zitayeyuka kabisa. Poliesta itabaki ilivyo. Aliyekwisha kuona uzi ukipotea ndani ya kikombe hatahitaji mtu wa kumkataza tena.

Javeli ina ubaya mwingine hapa kwetu. Vumbi la barabara ya Bangboka ni jekundu kwa sababu ya chuma kilichoungana na oksijeni ndani ya udongo, na javeli haiondoi rangi ya chuma. Yaweza hata kuikaza. Halafu kuna hatari ya mwili. Javeli ikikutana na siki au ndimu hutoa klorini. Ikikutana na amonia hutoa mvuke mwingine unaochoma mapafu, na amonia imo kwenye mkojo uliokaa. Zulia alilokojolea mtoto ndilo watu hulikimbilia na javeli, chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Tafadhali, msifanye hivyo. Mkojo unyonye kwa kitambaa, pitisha maji baridi, kisha siki kidogo iliyozimuliwa kwa maji, bila javeli kabla wala baada.

Vumbi lenyewe linataka ukavu. Mashine ya kufyonza ni nzuri umeme ukiwapo. Usipokuwapo, litundike zulia kwenye kamba imara, mgongo nje, ulipige mpaka lisitoe wingu tena. Kulilowesha kabla ya hapo ni kutengeneza matope na kuyasukuma hadi kwenye shina la nyuzi.

Kama majaribio yote yamekuacha na shaka, na mara nyingi yatakuacha, lihesabu zulia lako kuwa la sufu. Sabuni inayoifaa sufu haitaidhuru nailoni wala poliesta. Kinyume chake si kweli. Kwa lugha ya duka: shampuu ya nywele ya watoto, au sabuni ya maji ya vyombo iliyo pole, kijiko kimoja kidogo kwa lita nzima ya maji ya uvuguvugu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula madoa ya damu na maziwa ziache, kwa sababu kimeng'enya kinachokula protini hakitofautishi doa na sufu. Ukitumia maji ya mvua, ambayo ni laini sana, punguza sabuni zaidi, maana hutoa povu jingi na kuisuuza yote ni kazi. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi hunata, na kinachonata hukusanya vumbi.

Pima rangi kwanza: kitambaa cheupe kilicholoweshwa kwa sabuni hiyo, ukikandamize kwenye kona iliyofichika dakika 10. Kikitoka na rangi, acha. Doa la mawese likwangue kwa kijiko, nyunyizia unga wa muhogo unyonye mafuta, ndipo uguse kwa sabuni, ukikandamiza bila kusugua. Njano itakayobaki ni karotini, na mwanga wa jua huivunja. Saa chache za asubuhi zinaweza kusaidia kuliko chupa yoyote.

Viskosi ndiyo inayonitia wasiwasi. Inang'aa kama hariri, inauzwa kama hariri, na ikilowa nguvu zake hupungua sana. Uzi unaong'aa lakini ukiungua unanuka karatasi, usiutie maji. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, basi.

Baada ya hayo yote, anayeamua ni hewa. Kisangani iko karibu na ikweta, mvua ni zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, wala hakuna mwezi mkavu wa kweli. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila mkono wako kuhisi kwamba imelowa. Zulia lililoonekana kavu jioni laweza kuota ukungu upande wa nyuma kabla ya siku tatu, hasa likilazwa juu ya saruji. Kwa hiyo bidhaa bora huku ni ile inayohitaji maji machache na kutoka upesi. Kwa sababu hiyo hiyo, anayenunua zulia jipya kwa nyumba ya Bangboka ningemshauri achukue polipropilini, hata kama ana pesa ya sufu.

Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, alifanywa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na Uislamu ulioingia na misafara ya pwani unaendelea Kisangani hadi leo, kwa hiyo misikitini kuna mazulia ambayo mamia ya watu huweka paji la uso juu yake. Hayo yanastahili uangalifu kuliko ya sebuleni. Harufu ya javeli hapo inaingia puani mwa mtu aliyesujudu, na ukungu nao vilevile. Kamati isioshe msikiti mzima kwa siku moja. Zifanywe safu mbili tatu kwa mara moja, zikiinuliwa kutoka sakafuni na kuegemezwa kwenye viti ili hewa ipite chini, na kazi ianze Jumamosi asubuhi, ili hata wiki ya mvua ikiingia safu hizo ziwe zimekauka kabla ya sala ya Ijumaa.