LIKIZO YA MWANAFUNZI NA MAJI YA KAMBINI

Mwezi wa Juni unapowadia nchini Marekani, shule nyingi huwa zimekwisha kufungwa, na watoto huanza likizo ndefu ya majira ya joto. Katika nyumba za askari wa nchi hiyo, msimu huo ndio pia msimu wa uhamisho: masanduku hufungwa, vyombo hupakiwa katika malori, na jamaa nzima huondoka kambi moja kwenda nyingine. Hata hivyo, katikati ya pilikapilika hizo, aghalabu mwanafunzi wa sekondari huwa ameshika karatasi aliyopewa na mwalimu kabla ya shule kufungwa. Karatasi hiyo yataja kazi za kufanywa likizoni na kila mwanafunzi atakayeingia, shule zitakapofunguliwa, katika somo la juu la Sayansi ya Mazingira.

Somo hilo ni mojawapo ya masomo ya mpango uitwao Advanced Placement, unaoendeshwa na chama cha College Board tangu mwaka 1955. Mwanafunzi angali sekondari, lakini hufundishwa kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Mtihani wa kwanza wa Sayansi ya Mazingira ulifanywa mwaka 1998. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia aliyepata 3 au zaidi kwamba amekwisha kulimaliza somo hilo. Kwa mzazi mwenye mshahara wa kawaida, jambo hilo si dogo, maana karo ya vyuo vya Marekani ni mzigo mzito, na kila somo linalopunguzwa ni fedha zinazobaki nyumbani.

KWA NINI LIKIZO?

Somo lina sehemu 9: viumbe na makao yao, wingi wa aina za viumbe, ongezeko la viumbe na la watu, ardhi, hewa na maji, matumizi ya ardhi na maji, nishati, uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa maji na udongo, na mwisho, mabadiliko ya dunia nzima. Mtihani hufanywa mwezi wa Mei. Shule inayofunguliwa Septemba ina miezi minane tu ya kuyapitia yote hayo, na ndani yake mna sikukuu na baridi kali. Ndiyo sababu walimu wengi huona kwamba hapana budi kazi ianze mapema.

Lakini kazi gani? Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wapo wanaonunua vitabu vinene vya maswali na majibu na kumfungia mtoto chumbani. Kijana hukariri majina na miaka: Sheria ya Hewa Safi ya 1970, Sheria ya Maji Safi ya 1972, Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya 1973, Sheria ya Maji ya Kunywa Salama ya 1974. Kuyajua hayo ni vizuri, na mtihani huyauliza. Walakini kilichokaririwa Juni, kama hakikutumiwa, husahauliwa kabla ya Septemba. Yenye kudumu ni mambo mawili: hesabu ya vipimo, na mazoea ya kupatazama kwa makini mahali mtu anapoishi.

HESABU KWANZA

Mtihani una maswali 80 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa dakika 90, kisha maswali 3 ya kuandika, kwa dakika 70. Katika yale ya kuandika huwamo hesabu, na mtahini hutaka kuziona hatua zote, si jibu peke yake. Zamani kikokotozi kilikatazwa kabisa. Siku hizi kinaruhusiwa, lakini hakimsaidii asiyejua agawanye nini kwa nini.

Hesabu zenyewe si ngumu. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 hutumia wati-saa 9,000, yaani uniti 9 za umeme. Taa ya kisasa ya wati 9, kwa muda ule ule, hutumia uniti 1.35 tu. Vivyo hivyo kwa ongezeko la watu: mtu huchukua 70 na kuigawanya kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, akapata miaka ambayo idadi itajirudufu. Nchi inayoongezeka kwa asilimia 2 hurudufika kwa miaka 35. Kijana anayefanya hesabu mbili za namna hiyo kila asubuhi, kwa kalamu na karatasi, atafika darasani akiwa amekwisha kuondoa hofu, nayo hofu ya hesabu ndiyo inayowaangusha wengi.

BARUA YA KILA MWAKA

Kwa jambo la pili, yaani kupatazama mahali mtu anapoishi, Wamarekani wanayo nyenzo ambayo wengi wao huitupa bila kuisoma. Sheria ya Maji ya Kunywa Salama iliporekebishwa mwaka 1996, mashirika ya maji yaliamriwa kuwapa wateja wao taarifa ya kila mwaka kuhusu maji yao, nayo hutolewa kabla ya tarehe 1 Julai. Basi huwafikia watu wakati ule ule watoto wako likizoni. Ndani yake mna jedwali: jina la kila kitu kilichokutwa majini, kiasi chake, na kiasi cha juu kinachoruhusiwa.

Mara nyingi kiasi hicho huandikwa kwa sehemu katika bilioni moja. Hicho ni kipimo kidogo mno. Ni kama sekunde moja katika karibu miaka 32. Kwa maji, sehemu moja katika bilioni ni maikrogramu moja ndani ya lita. Mwanafunzi anayeweza kuisoma safu moja ya jedwali hilo, akawaeleza wazazi wake mezani maana yake, amejifunza zaidi kuliko aliyekariri kurasa 20. Na kwamba elimu hiyo si ya mtihani peke yake, jamaa za askari wa Marekani walikuja kulijua kwa uchungu mwingi.

YALIYOTOKEA CAMP LEJEUNE

Camp Lejeune ni kambi kubwa ya jeshi la Marine katika jimbo la North Carolina. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1987, sehemu ya maji yaliyonywewa kambini humo yalikuwa na kemikali. Mojawapo ni trikloroethilini, inayotumika kuondoa grisi kwenye vyuma. Nyingine ni perkloroethilini, inayotumiwa na madobi wanaosafisha nguo bila maji. Baadhi ya kemikali zilivuja kutoka matangi ya chini ya ardhi na mahali pa kutupia taka ndani ya kambi. Nyingine zilitoka kwa dobi aliyekuwa nje ya kambi. Zote zilipenya udongoni hadi visimani. Maji yalionekana safi. Akina mama walipikia, watoto waliogeshwa, na askari walijaza chupa zao.

Kati ya mwaka 1980 na 1982 maabara zilikwisha kuonya kwa maandishi. Mwezi wa Mei 1982 sampuli moja ilikutwa na sehemu 1,400 katika bilioni za trikloroethilini. Mwezi wa Februari 1985, katika mtaa wa nyumba za jamaa za askari, perkloroethilini ilifikia 215. Wakati ule sheria ilikuwa bado haijaweka kiwango cha kemikali hizo. Baadaye kiliwekwa 5 kwa kila moja. Sasa na achukue kalamu yule kijana wa likizo: 215 kwa 5 ni mara 43, na 1,400 kwa 5 ni mara 280. Namba hizo zilikuwa karatasini. Wanywaji wa maji hawakuzijua.

Miongoni mwao alikuwamo sajini aitwaye Jerry Ensminger. Binti yake Janey alifariki dunia mwaka 1985 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 9. Baba huyo hakupata kusikia habari za maji ya kambi hadi mwaka 1997, alipoiona taarifa katika televisheni. Hakuwa mwanasayansi. Pamoja na wenziwe alianza kukusanya nyaraka, akajifunza kuyasoma majedwali na vipimo, akasimama mbele ya Bunge la nchi yake. Mwaka 2012 ilipitishwa sheria yenye kuwapa matibabu ya maradhi kadhaa askari na jamaa waliokaa kambini humo siku 30 au zaidi, na sehemu yake ikapewa jina la Janey. Mwaka 2022 sheria nyingine iliwaruhusu waathiriwa kudai fidia mahakamani. Inakadiriwa kwamba watu waliofikwa na maji hayo huenda wakafika milioni moja.

Sayansi haiwezi kusema kwa yakini kwamba mtoto fulani aliugua kwa sababu ya maji yale. Lakini yaweza kumwambia mzazi ni swali gani aulize, na jibu gani lisimtosheleze. Hilo ndilo fundisho ambalo mtoto wa askari, popote alipo, angefaa kulianza likizoni.

KATIKA KAMBI ZA UGANDA

Mtoto wa askari au polisi nchini Uganda hana mtihani huo wa Wamarekani. Ana likizo ndefu, hasa yule aliyemaliza kidato cha nne na kungojea matokeo. Miezi hiyo hupotea bure katika nyumba nyingi, ilhali mafunzo yale yale yaweza kufanywa bila gharama.

Ajipatie daftari moja. Kila Jumamosi apime makaa yaliyotumika jikoni kwa wiki nzima, ayaandike, kisha apige hesabu ya mwezi na ya mwaka. Aangalie maji ya nyumbani yanatoka wapi, na choo au shimo la taka liko umbali wa hatua ngapi kutoka kisimani. Atazame mafuta machafu ya magari humwagwa wapi. Achukue asilimia 2.9, ambayo sensa ya mwaka 2024 iliitaja kuwa ongezeko la watu wa Uganda kwa mwaka, aigawanye katika 70. Ataona kwamba kwa kasi hiyo idadi yajirudufu kwa miaka 24 hivi. Kisha ajiulize kisima cha kambi kitatosha watu wangapi wakati huo.

Aliye karibu na Ziwa Victoria amebahatika zaidi, kwani ziwa hilo hutajwa katika madarasa ya mazingira duniani kote. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950. Akaleta biashara kubwa ya minofu, lakini samaki wadogo wa asili, wale furu, wa aina nyingi sana, wakatoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakafika magugu maji. Mzee mvuvi wa ufukweni ana mengi ya kueleza ambayo mwanafunzi wa mbali huyasoma kitabuni tu. Na aendewe kwa heshima, aamkiwe, aulizwe, na maneno yake yaandikwe.

Mzazi naye ana sehemu yake. Hahitaji kuijua sayansi; yatosha kuliuliza daftari kila Jumapili jioni: juma hili umepima nini, na umeona nini? Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo. Mtoto aliyezoea kupima hatakuwa mtu mzima wa kunywa chochote alichomiminiwa bila kuuliza kimetoka wapi.